Jozi ya Mama

Baba yangu hajawahi kuingia mahali akanyamaza. Akitumwa chumvi dukani, muuzaji atasikia habari za kiwanda cha viatu. Akienda msibani, wafiwa watasikia habari za kiwanda cha viatu. Kiwanda chenyewe kilifungwa mimi nikiwa bado nanyonya, na tangu hapo baba hajashika kazi ikadumu, ila mdomo wake haujawahi kukosa ajira. "Nusu ya watu mnaowaona wanatembea mji huu," huwa anasema huku akiwakagua watu miguuni, "wanatembea kwa mkono wangu." Mtaani wanamwita Bwana Jozi. Yeye anadhani ni sifa.

Nyumbani kwetu tunakula kwa cherehani ya mama. Mama anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga, na muda mwingi ana pini mdomoni, kwa hiyo haongei. Pini zikitoka, ujue kuna neno.

Mwaka huo nilikuwa namaliza shule. Chuo cha ufundi kilikuwa kinachukua mwanafunzi mmoja kutoka kila shule, na kilimchagua kwa kazi ya mikono tu: kila mtu atengeneze kitu kimoja, kwa mikono yake mwenyewe, kitu cha kutumika nyumbani kwao, kisha mkaguzi wa chuo aje kwenye maonyesho atoe alama. Chuo kile kilikuwa na karakana ya ngozi. Niliitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikiikosa, mama mdogo alikuwa ameshaniwekea kiti kwenye saluni yake, nikafagie nywele za watu na kusikiliza habari za waume zao mpaka nizeeke.

Mwalimu wetu wa kazi za mikono alikuwa na kucha ndefu, safi, za mtu asiyegusa kitu. Alitufundisha kupiga randa kwa kuchora randa ubaoni. Tulipoichora vizuri kwenye madaftari alitusifu, tukaenda kwenye somo lingine. Wenzangu walifuata mfano wake kwa uaminifu. Mmoja tuliyemwita Kiboko, jina alilojipa mwenyewe na sisi tukachoka kulikataa, alitangaza kwamba atatengeneza stuli. Baba yake ana duka la samani. Mwingine alisema atafuma kikapu, na wiki hiyohiyo nikamwona nyanya yake amekaa barazani anafuma kama anafukuzwa.

Mimi niliamua kutengeneza viatu vya mama. Mama ana nundu kwenye mguu wa kulia, pale kidole gumba kinapoanzia, na hakuna kiatu cha dukani kinachoijua. Kila kiatu alichonunua alikikata dirisha upande ule ili nundu ipumue. Hata viatu vya harusi yake vina dirisha. Nilitaka avae viatu vizima mara moja maishani, na nilitaka chuo kione kwamba nimevitengeneza mimi.

Kosa langu lilikuwa kusema hivyo mezani. Baba aliweka kijiko chini polepole.

"Umekuja kwa mwenyewe," alisema.

"Sijaja kwa mtu, baba. Nimesema tu."

"Mwanangu, kuna watu walisafiri kuja kuuona mkono huu ukifanya kazi."

"Watu gani?"

"Watu," alisema baba, akainuka.

Alirudi kutoka chumbani na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Alikifungua kama anayefungua maiti wa mfalme. Ndani kulikuwa na kalibu, ule mguu wa mbao ambao ngozi huvutwa juu yake ili ipate umbo la kiatu. Siku kiwanda kilipofungwa aliitoa ameificha ndani ya koti. Ilikuwa moja.

"Na ya pili?" niliuliza.

"Fundi wa kweli haulizi ya pili," alisema. Mama aliendelea kula.

Tulipata mabaki ya ngozi kwa jirani anayetengeneza mikoba, ngozi ya kahawia, nzuri, ya kutosha viatu vitatu ukikata bila kupoteza. Tulikubaliana kwamba baba ataelekeza na mimi nitafanya. Jioni ya kwanza alinionyesha jinsi ya kushika msharasi, ule mchuma wenye ncha wa kutobolea ngozi, na jinsi ya kupaka uzi nta mpaka ulie ukivutwa. Lazima niseme, hata kama naona uchungu kulisema, kwamba mikono yake ilipokuwa inafanya kazi ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mwenye adabu. Ila mdomo ulibaki wake. Kila tundu nililotoboa lilikuwa na hadithi yake ya kiwandani.

Kesho yake nilikwenda shule. Niliporudi, viatu viwili vilikuwa mezani, vimekamilika, vimeng'arishwa, na baba amesimama nyuma yake ametunisha kifua.

"Nimekupunguzia," alisema.

Nilishindwa hata kugomba. Kanuni ilisema mikono yangu, na mikono yangu ilikuwa imetoboa matundu machache tu kwenye kisigino kimoja. Mama alikuja akaketi kwenye kiti cha cherehani, akanyoosha mguu wa kushoto. Kiatu kikaingia. Kilimbana kidogo, kwa sababu kalibu ya kiwanda haimjui, lakini kilikuwa kizuri, mshono mmoja baada ya mwingine bila hata mmoja kukosea njia. Kisha akanyoosha mguu wa kulia. Kidole gumba kikaenda kutafuta nafasi mahali pa kidole kidogo. Akatoa mguu, akajaribu tena.

"Ngozi bado mpya," baba alisema. "Itazoea."

Mama alivivua vyote viwili akaviweka sakafuni kimoja kando ya kingine. Vilipinda upande mmoja, kama watu wawili wanaochungulia kwenye dirisha la jirani.

Pini zikatoka. "Vyote vya kushoto," alisema mama.

"Haiwezekani." Baba alivichukua, akavigeuza, akavigeuza tena. "Mbona vinafanana kabisa," alisema, na sauti ilianza na majivuno yake ya kila siku, kisha majivuno yakaishiwa pumzi njiani.

Nilicheka. Haikuwa furaha. "Kumbe ndiyo ile nusu ya watu, baba. Umewavisha mji mzima, mguu mmoja mmoja."

Hakujibu, na hilo lilikuwa geni nyumbani kwetu. Alitoka akaketi kwenye ngazi ya mlango, ametupa mgongo.

Mama alivuta kalibu karibu, akaigeuza ili nione jinsi ilivyopinda. "Unajua kwa nini iko moja? Mwenye kiwanda aliogopa kuibiwa. Akawagawa watu. Benchi za upande huu zinatengeneza kushoto, na ng'ambo ya ukuta wanatengeneza kulia. Mtu akiiba anaiba kiatu kimoja, sasa atamuuzia nani? Baba yako alikaa upande wa kushoto tangu kijana mpaka siku ya kufuli."

"Na hakuweza kujifunza cha kulia?"

"Alikuwa na mwenzake wa kulia. Walipanga wafungue kibanda, yule upande wake, huyu upande wake. Yule akahama na familia yake, hakurudi. Baba yako akabaki na nusu ya kazi."

"Angeweza kujifunza, mama. Ni mguu tu, umegeuzwa."

"Angeweza," alisema mama, akaanza kurudisha pini mdomoni moja moja. "Ila angelazimika kumwambia mtu kwamba hajui."

Nilimdharau yule mwenye kiwanda ambaye sijawahi kumwona, mtu aliyekaa kwenye kiti chake akawaza jinsi ya kumpasua mwanadamu katikati ili asimwibie kiatu. Hiyo haikunipunguzia dharau niliyokuwa nayo kwa yule wa kwenye ngazi. Ilikuwepo ya kutosha wote.

Ngozi ilibaki ya kiatu kimoja. Kile cha kushoto cha pili nilikifumua, nikachukua soli yake. Kalibu ya kulia sikuwa nayo, na sikuitaka tena. Niliroweka ngozi mpaka ikalainika, nikamwambia mama alete mguu.

Basi mama alishona sare siku ile akiwa amekanyaga pedeli kwa mguu wa kushoto, na wa kulia umelala mapajani mwangu, umefungwa ngozi mbichi na kamba kama kuku wa kuuzwa. Wateja waliingia wakatazama wakajitia hamnazo. Nilivuta ngozi juu ya nundu, ikakunjamana, nikaivuta tena. Mshono wangu ulienda huku na huko. Mahali fulani nilitoboa mara mbili, na mahali fulani damu ya kidole changu iliacha doa ambalo rangi haikulifunika. Baba alipita, akatazama, akafungua mdomo.

"Usiseme," nilimwambia.

Akaufunga. Alipita tena baadaye, akasimama muda mrefu zaidi, akaondoka bila kuambiwa.

Kilipokauka, mama alikivaa akatembea kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi. Hakikuwa kizuri. Kilikuwa na tumbo pale penye nundu na kisigino chake kilikuwa na mawazo yake mwenyewe. "Hakiumi," alisema mama. Alisimama akikitazama. "Hakiumi kabisa," akarudia, akakaa nacho mguuni mpaka wakati wa kulala.

Nilijua kanuni. Kiatu cha kushoto kilikuwa cha baba, na ngozi ya kutengeneza kingine haikuwepo. Nilijiambia nitasema ukweli nikiulizwa. Nilijiambia pia kwamba sitaulizwa, kwa sababu stuli ya Kiboko haitaulizwa.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa shule. Stuli ya Kiboko ilikuwepo, imepigwa vanishi, na chini ya kiti bado ilikuwa na gundi ya pale lebo ya duka ilipobanduliwa. Kikapu cha nyanya kilikuwepo. Kulikuwa na taa ya mezani iliyotengenezwa na mjomba wa mtu, na mjomba mwenyewe amesimama kando yake akimweleza mpwa wake inavyowaka. Mwalimu wa kucha alizunguka akitabasamu kama mtu aliyezaa vitu vyote vile.

Baba alikuja amevaa aproni ya kiwandani. Nilitamani sakafu inimeze. Tangu asubuhi alisimama mezani kwangu akiwashika watu mikono na kuwawekea kiatu cha kushoto. "Pitisha kidole hapo kwenye mshono. Umeona? Huo ni mkono wangu. Umevisha mji huu." Watu walipitisha kidole, wakaitikia, wakakonyezana. Kile cha kulia alikigeuzia ukutani kila nilipotazama pembeni, na mimi nilikirudisha. Mama alikaa kwenye kiti nyuma yetu, na siku hiyo hakuwa na pini, kwa hiyo alinyamaza kwa hiari yake.

Mkaguzi aliingia kabla ya mchana. Alikuwa mama mtu mzima, amevaa gauni la kijivu na viatu vilivyopigwa rangi mpaka kwenye soli. Alipita kwenye meza bila kuharakisha wala kusifu. Kwenye stuli aliinama akatazama chini, akainuka, akaandika. Alikuwa mtu wa kwanza siku ile niliyeshindwa kumdharau, na nilijaribu.

Kwetu alichukua viatu vyote viwili, akaingiza vidole ndani ya kimoja, halafu ndani ya kingine. Alivilaza matumbo juu akatazama soli, kisha akapitisha kidole kwenye mshono wa cha kushoto mara mbili. Baba alivuta pumzi kuanza hotuba, na yeye akainua kidole kimoja bila kumtazama, na hotuba ikafia kooni.

"Hivi vimetengenezwa na watu wawili," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kanuni unaijua?"

"Naijua."

"Basi nitatoa alama kwa kile cha kwako peke yake. Kingine nitakihesabu hakipo." Aliviweka mezani. "Kipi chako?"

Watu walikuwa wamesogea. Yule mjomba wa taa alikuwa hapo, na mzazi mmoja ambaye asubuhi nzima alikuwa amelazimishwa kupitisha kidole kwenye mshono. Wote walijua jibu, maana baba alikuwa amewapigia domo wakalikariri. Nilivuta pumzi ili niseme.

"Hiki," alisema baba.

Alikuwa ameshika cha kushoto. Alikisogeza mbele yangu kwa mikono yote miwili. Kisha akachukua cha kulia, kile chenye tumbo na doa, akakikumbatia kwenye aproni.

"Hiki kibovu ndicho changu," alisema. "Mimi nilijaribu kumsaidia mtoto, nikaharibu. Mimi si fundi, mama mkaguzi. Nilikuwa kibarua tu kiwandani. Jozi nzima sijui."

Mtu nyuma alicheka kwa pua. Mjomba wa taa alisema "Bwana Jozi" kwa sauti ya chini, na wengine wakashindwa kujizuia. Baba alisimama katikati ya kicheko kile na mikono yake imekunjwa juu ya kiatu changu, akitazama mahali fulani juu ya kichwa cha mkaguzi. Miaka yote niliyomfahamu alikuwa akisema uongo kwa sauti kubwa. Sasa alikuwa anasema ukweli ambao hajawahi kumwambia mtu, na alikuwa anausema ili uongo mmoja upite, nami nipate nafasi yangu.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo. Ningenyamaza tu. Kiatu cha kushoto kingeshinda kila kitu ukumbini mle, mkaguzi mwenyewe alikuwa amepitisha kidole kwenye mshono wake mara mbili. Nami nilimwonea baba huruma iliyonikata maini, na papo hapo nilikasirika. Kwa sababu alikuwa ananipa chake na kunichukulia changu. Alikuwa amewaambia watu wote wale kwamba kitu pekee nilichowahi kutengeneza ni uharibifu wake yeye.

"Baba," nilisema, "nirudishie kiatu changu."

Hakusogea. "Mwanangu, nyamaza," alisema kwa kunong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno lile kutoka kwake.

Nilikitoa kwenye aproni yake. Ilibidi nivute. Nikakiweka mbele ya mkaguzi. "Changu ni hiki. Kile kizuri ni cha baba. Ni fundi wa kushoto."

Mkaguzi alinitazama, akamtazama baba, akaingiza tena vidole kwenye kiatu changu. "Hili tumbo ni la nini?"

Mama aliinuka. Alikuja mbele, akavua kiatu chake cha kulia chenye dirisha mbele ya watu wote, akavaa changu. Mkaguzi alichuchumaa, gauni la kijivu likagusa sakafu, akabonyeza pale penye nundu.

"Kinauma?"

"Hakiumi," alisema mama.

Mkaguzi aliandika. "Kazi mbaya," aliniambia, bila ukali. "Umekata vibaya, umeshona vibaya. Umepima vizuri." Akaenda meza iliyofuata.

Alasiri walitangaza. Nafasi ilikwenda kwa yule wa kikapu, na nyanya yake alipiga vigelegele kuliko mtu yeyote, kwa haki kabisa. Mimi nilipewa alama za kiatu kimoja, na mwalimu wa kucha akaniambia ilikuwa bora nichore. Mama mdogo alituma salamu kwamba kiti bado kipo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama katikati yetu, amevaa kiatu kimoja cha baba na kimoja changu. Cha kushoto kilikuwa kinambana, lakini alikataa kuvua. Baba hakusema neno njia nzima. Muuza chumvi alimsalimia, akangoja habari za kiwanda, akaona baba anapita tu, akatoka nje ya duka kutuangalia.

Jioni baba alikaa kwenye ngazi ya mlango. Nilikwenda kumpelekea chai kwa sababu mama alinituma.

"Ungenyamaza ungepata," alisema.

"Na wewe ungetulia siku ile nikiwa shule, ningekuwa na viwili vyangu."

Alikunywa chai. Aliitazama miguu yake mwenyewe muda mrefu, kama anayemtafuta mtu pale. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Sasa huo wa kulia, mtu anaanzia wapi?"

Nilimwingiza ndani, nikatoa msharasi, uzi, kamba na ngozi ya kile cha kushoto nilichokifumua. Mama alikuwa ameshaketi kwenye cherehani, na mguu ameshaunyoosha. Nilimwonyesha baba pa kushika. Akashika kama mtu anayeshika cha moto, mikono ile yenye adabu ikawa haijui pa kwenda. Nikamwambia anavuta vibaya, na kweli alikuwa anavuta vibaya. Nikamwambia akae vizuri, atazame mguu, na aache kuongea. Alikaa vizuri. Aliutazama mguu. Kuongea hakuacha.